Salamu Moja Inatosha

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mugisha Jumamosi asubuhi, saa mbili na dakika chache, akiwa amesimama katikati ya ng'ombe na bomba la dawa ya kupe mgongoni. Haukuwa wake. Ulikuwa wa Kokuberwa, ila simu ya Kokuberwa ilipasuka kioo tangu Pasaka, na namba aliyowapa wale watu wa Japani waliomsaili ilikuwa ya Mugisha. Wazo hilo lilitoka kwa Mugisha mwenyewe. Kuna watu huchimbiwa shimo na maadui zao. Huyu alichimba lake, akalipima, akaridhika nalo.

Alikuta mistari sita ya herufi zilizojipinda, bila neno hata moja la Kiswahili. Miezi saba iliyopita angeona vipande vya uzi. Siku hiyo aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi, akatoa daftari lake kwenye mfuko wa koti, akaanza kusoma herufi moja moja, midomo ikicheza kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Ilimchukua saa nzima. Wajapani huweka kitendo mwisho wa sentensi, kwa hiyo msomaji hupita Alhamisi, hupita salamu, hupita nafasi, na bado hajui kama mtu anaitwa au anafukuzwa. Mugisha alifika mwisho. Akarudi mwanzo akasoma tena, akimwomba Mungu awe amekosea. Hakuwa amekosea.

“Alhamisi tulisalimiana vizuri sana. Lakini hatukuzungumza. Tufanye tena Jumanne saa nne asubuhi. Safari hii salamu moja inatosha. Kama utakuja, nijibu kwa herufi hizi leo, kabla ya saa kumi na mbili jioni ya kwenu. Usipojibu, nafasi nitampa mwingine. Mwalimu Morita.”

Ulikuwa ujumbe wa kwanza wa Kijapani kuusoma peke yake tangu azaliwe. Siku nyingine angekimbia kumwonyesha mtu. Aliizima simu, akaitia mfukoni, akamalizia kunyunyiza dawa ng'ombe wawili waliobaki.

“Simu ilikuwa inalia nini?” aliuliza mama yake, Ainembabazi, aliyekuwa ameketi kizingitini na fimbo yake magotini.

“Matangazo tu, mama.”

“Matangazo ya kukukalisha kwenye ndoo saa nzima?” Hakungoja jibu. “Baba zako wadogo wamekubaliana. Kesho ibada ikiisha wanakwenda Kanoni kukuombea Kokuberwa, binti wa Nestory. Wameniuliza mara mbili: Japani ameshindwa kweli?”

“Si tulikusimulia? Muda uliisha hajataja hata jina lake.”

“Nakuuliza kama ameshindwa.”

“Ndivyo tunavyojua sote, mama.”

“Maana angefaulu wangekwenda kumwomba binti wa Rwezaura. Hilo nalo wamekubaliana.” Aliinua fimbo akaigonga chini. “Mimi yule binti nampenda. Alinigeuza kitandani wiki tatu hajakunja uso hata siku moja. Lakini miaka mitatu, mwanangu! Mkwe wa kwenye simu hachoti maji.”

Mugisha aliona afadhali aondoke. Aliwasha pikipiki akashika njia ya Karagwe, kwenda Kanoni, vumbi la Julai likimfuata nyuma.

Alikutana na Kokuberwa mwezi wa Desemba, hospitali ya Nyakahanga, siku alizokuwa akimuuguza mama yake aliyeanguka na kuvunjika nyonga. Kokuberwa alikuwa mhudumu wa wodini, msichana mrefu wa miaka ishirini na saba, mpole kwa wagonjwa na mkavu kwa ndugu zao. Siku moja mchana Mugisha alimkuta ameketi dirishani anaandika nyuma ya boksi la glovu.

“Dada, hiyo ni dawa ya nani?” aliuliza. “Maana hata mwandiko wa daktari una nafuu.”

“Siyo dawa. Ni a, i, u, e, o.”

“Hizo nazijua.”

“Za Kijapani.”

“Enhe, na Kijapani zinatamkwaje?”

“A, i, u, e, o.”

Mugisha alidhani anataniwa. Kokuberwa hakuwa mtu wa utani siku hiyo. Alimweleza, bila kuinua macho, kwamba kuna shirika Dar es Salaam linalopeleka watu Japani miaka mitatu kuhudumia wazee na kufundishwa namna ya kumrudisha mzee miguuni baada ya kuanguka, na kwamba mlango wa kwanza ni lugha. Kwa wiki alijifunza herufi tano. Baada ya hizo tano zilifuata ka, ki, ku, ke, ko.

“Kumbe rahisi!” alisema Mugisha. “Hiki si Kijapani, ni chekechea.”

“Ziko arobaini na sita. Halafu kuna nyingine arobaini na sita, sauti zile zile, sura tofauti.”

“Za nini sasa?”

“Za maneno ya wageni. Halafu kuna za tatu.”

“Nazo ngapi?”

“Maelfu.”

Mugisha aliliangalia tena lile boksi la glovu. Kisha aliuliza kama dukani nje ya hospitali wanauza daftari. Kwa haki, hakuwa na haja yoyote na Kijapani. Alikuwa na haja ya kurudi pale dirishani kesho yake, na mtu mzima hawezi kurudi dirishani bila sababu.

Mama aliporuhusiwa kwenda nyumbani, sababu ilihamia Kanoni. Kila Jumamosi Mugisha alifika kwenye kibanja cha Mzee Nestory, baba yake Kokuberwa, na maziwa kwenye galoni na daftari kwenye koti. Msimu wa kahawa ulipoanza walipata ubao. Kahawa ilikuwa imetandazwa juani kwenye jamvi, na Kokuberwa alikuwa akichora herufi kwa kidole katikati ya punje, Mugisha anaisoma, kisha reki inapita na kufuta. Kahawa lazima igeuzwe isishike ukungu, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema wanapoteza muda. Neno la kwanza Mugisha kuliandika mwenyewe lilikuwa na herufi tano: Ko-ku-be-ru-wa. Alilitazama mpaka msichana akapitisha reki juu yake.

“Imetosha,” alisema. “Inaungua.”

Kitu kimoja hakikubadilika kwa miezi yote saba. Mugisha alipewa chai. Alipewa ndizi na maharage, na sikukuu moja alipewa kuku. Kahawa ya kutafuna hakupewa. Mzee Nestory alikuwa na kauli yake, na Kanoni nzima iliijua: kahawa ya nyumba ile, ile iliyochemshwa na majani yake na kukaushwa, ilikuwa ya watu wanaorudi. Wafugaji, alisema, huamka asubuhi na kufuata majani. Hata alipoelezwa kwamba ukoo wa Mugisha umekaa Kyerwa miaka arobaini na una kanisa na shamba la mahindi, alijibu kwamba miaka arobaini si mingi.

Baada ya kusimamasimama njiani bila sababu, Mugisha alifika Kanoni saa tisa alasiri. Kokuberwa alikuwa peke yake uani, kitenge kiunoni, reki mkononi, punje nyekundu na nyeusi zimetanda mbele yake. Mama yake, Benadeta, alikuwa jikoni akimenya ndizi, mlango wazi.

“Osibire ota,” Mugisha alimuuliza kwa Kinyambo ameshindaje.

“Ndusiba kurungi,” alijibu, kisha akatabasamu nusu. “Anza hapo hapo, uulize na mbuzi, uulize na mvua, mpaka jua lizame.”

“Bado umekasirika?”

“Nimkasirikie nani? Kinywa kilikuwa changu.”

Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa la wote wawili, na pengine hakuna watu wengine chini ya jua ambao wangelifanya. Wiki nyingi nyuma, Mugisha alipofika kwenye salamu za Kijapani, aligoma kuendelea.

“Na shikamoo yao?” aliuliza.

“Hawana. Kuna ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Unainama kidogo, basi.”

“Haiwezekani. Watu na akili zao, wanatengeneza magari, wakose shikamoo?”

Kokuberwa naye aliona haiwezekani. Basi wakakaa na kamusi ya kwenye simu wakawashonea Wajapani salamu iliyo kamili: nyumbani wameamkaje, watoto, mwenye nyumba, wazee, mazao, mvua imenyesha, mifugo imepona. Alhamisi walipanda kilima cha Igurwa kutafuta mtandao mzuri, Mugisha akashika simu kwa mikono miwili, na mwalimu Morita akatokea, mwanamke mwenye nywele za kijivu na miwani, mezani kwake kuna saa ya mshale. Usaili ulikuwa wa dakika kumi. Kokuberwa aliinama, akaanza. Mwalimu alijibu kuhusu watoto. Alijibu kuhusu mume. Kwenye mazao alisita, akasema ana maua matatu kwenye vyungu. Kwenye ng'ombe alicheka akafuta miwani. Kokuberwa alipomaliza kusalimu kama binti aliyelelewa, akavuta pumzi ili aseme jina lake na haja yake, dakika zilikuwa zimekwisha na kioo kikawa cheusi.

“Mugisha,” Kokuberwa alisema sasa, akivuta reki polepole, “nikuambie kitu, usinicheke?”

“Sema.”

“Usiku wa Alhamisi nililia. Ijumaa nikaamka mwepesi. Nikajiona nimefurahi kidogo kwamba nimeshindwa. Nikafikiri, basi, nitakaa, nitaolewa na huyu mtu wa ng'ombe, nitazeeka naye. Halafu nikaona aibu. Mtu husomaje miezi saba akafurahi kushindwa?”

Simu ilikuwa kwenye mfuko wa kushoto wa koti. Mugisha aliusikia uzito wake, ingawa simu ni kitu chepesi.

“Ungepewa nafasi tena,” aliuliza, “ungekwenda?”

“Ya nini kuuliza yaliyopita?”

“Nauliza tu.”

Alisimamisha reki. Alimtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, na Mugisha alitamani angetazama kwingine.

“Ningekwenda.”

“Hata kama wazee wangu wangegeuza njia?”

“Ningekwenda, na ningelia ndani ya ndege. Vyote viwili.” Alirudi kwenye kahawa. “Tangu nizaliwe kila kitu nimechaguliwa. Shule baba, kazi mjomba, hata kwaya nilipelekwa. Hiki kimoja nilikichagua mwenyewe. Na kwa sababu ya hiki kimoja wewe uliniona. Usisahau hilo.”

Hapo ndipo mahali pa kusema. Palikuwa wazi, hapakuwa na mtu, na jua lilikuwa bado juu. Mugisha alifungua mdomo.

“Nipe reki nikusaidie,” alisema.

Akageuza kahawa. Aligeuza jamvi la kwanza, la pili, akarudi la kwanza. Alijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo. Alijiambia kwamba Kokuberwa mwenyewe amekiri amefurahi. Alijiambia kwamba mwalimu Morita ana watu wengi wa kuwapa nafasi na yeye ana Kokuberwa mmoja. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililompunguzia mzigo. Asingejifunza zile herufi, ujumbe ungebaki vipande vya uzi, saa kumi na mbili ingepita na yeye angelala bila deni na mtu. Alimpenda, na alikuwa akimwibia, na alijua vyote viwili.

Saa kumi na moja Mzee Nestory alirudi kutoka Nyakahanga kwa bodaboda, akiwa na furaha isiyo ya kawaida yake.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, kijana wa Kyerwa! Kaa, kaa. Siyo hapo kwenye kigogo, njoo huku kwenye kiti.” Alijishusha taratibu kwenye kiti cha pili. “Nimekutana na baba yako mdogo sokoni. Kumbe kesho mnatutembelea.”

“Ndivyo wanavyosema, baba.”

“Na yale ya Japani yamekwisha.”

Mugisha alitazama viatu vyake. Mzee alichukulia kimya kile kuwa adabu.

“Mimi sikuwa na ubaya na wewe,” aliendelea. “Nilisema wafugaji wanahama. Kumbe wa kuhama nilikuwa naye ndani! Nimekuona miezi saba. Vumbi unakuja, mvua unakuja. Mtu wa kufuata majani hafuati daftari.” Aligeukia mlango wa jikoni. “Koku! Lete kahawa.”

Kule jikoni kisu cha Benadeta kilisimama katikati ya ndizi. Kisha akatoka mlangoni akiwa na utomvu mikononi kutazama kwa macho yake.

Kokuberwa alitoka ndani na kijikapu. Alikuwa amefunga kitenge kingine, na Mugisha aliliona hilo, na likamuuma. Alimpigia magoti baba yake kwanza, mzee akachukua punje mbili. Kisha akaja mbele ya Mugisha, akapiga goti, akamsogezea kijikapu kwa mikono miwili. Hakuinua macho, lakini pembe za midomo zilikuwa zikicheza.

Mugisha alichukua punje tatu. Zilikuwa kavu, nyepesi, na zilinukia vizuri. Kilichobaki kilikuwa kuziweka mdomoni. Watu wawili wazima walimtazama, na kesho wangekuja wengine sita kusema kile ambacho punje tatu zilikuwa zimeshasema. Aliinua mkono ukafika kifuani.

Ukasimama hapo.

“Vipi?” alisema Mzee Nestory. “Kahawa yangu ina nini?”

“Kahawa haina kitu, baba. Mwenye kitu ni mimi.”

“Ukiirudisha umenitukana.”

“Siirudishi. Naomba kusoma kwanza.”

Alitoa simu kwa mkono wa kushoto, punje zikiwa zimefumbatwa mkono wa kulia. Alisoma kwa Kijapani kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuyasema kwa lugha nyingine. Alisoma vibaya, akikwama, akirudia, akivuta herufi moja baada ya nyingine. Wazee hawakuelewa hata silabi moja. Kokuberwa alielewa. Kwenye Alhamisi aliinua uso. Kwenye salamu alitaka kucheka. Aliposikia Jumanne, aliweka kijikapu chini, na neno la mwisho lilipotoka alikuwa ameshasimama.

“Umeupata lini?”

“Leo.”

“Saa ngapi leo?”

“Saa mbili asubuhi.”

“Sasa hivi ni saa ngapi?”

“Kumi na moja na dakika ishirini.”

“Saa tisa nzima,” alisema Kokuberwa. Hakupandisha sauti. “Umekaa nao saa tisa. Nilipokuambia ya moyoni mwangu pale kwenye jamvi, ulikuwa nao.”

“Nilikuwa nao.”

“Ukaniuliza kama ningekwenda, nikakujibu, ukaomba reki.”

“Ndiyo.”

“Na hii kahawa ungeitafuna?”

Angeweza kusema hapana. Mkono ulikuwa umesimama, mashahidi wawili wameuona.

“Nilitaka kuitafuna,” alisema Mugisha. “Nilishainua mkono. Nakupenda, Koku, na nilitaka saa kumi na mbili ipite. Halafu ulipopiga goti nikaona kila siku utakayonipa chakula nitakuwa nakumbuka. Nikashindwa.”

Benadeta alikuwa wa kwanza kupata sauti. “Mtu atuambie! Kimesomwa nini? Nani amekufa?”

“Wameniita tena, mama. Jumanne. Nikijibu kabla ya saa kumi na mbili.”

Mzee Nestory alizitema punje zake kiganjani. Uso wake ulikuwa umerudi ule wa miezi saba. “Njia ya mwongo ni fupi,” alisema. “Yako ilikuwa ya saa tisa tu, kijana. Umechoka mapema.”

“Ndiyo, baba.”

“Koku, kama unataka ushauri wangu...”

“Baba, leo sitaki,” alisema Kokuberwa, kwa heshima yote, na hilo hakuwahi kulisema tangu azaliwe.

Benadeta, ambaye tangu Desemba alikuwa akimwambia binti yake kwamba mkataa pema pabaya panamwita, alitazama jua juu ya migomba akafuta mikono kwenye kanga.

“Mtasimama hapo mpaka lini?” alifoka. “Kama ni kujibu, jibu! Kama ni kukaa, kaa! Jua halina mjomba hapa.”

Kokuberwa alikwenda kwenye jamvi akachuchumaa. Aliandika kwanza kwenye kahawa, kama walivyozoea. Herufi nne: i-ki-ma-su. Nitakuja. Alizitazama kama fundi anayepima ubao.

“Ya pili umeikosea,” alisema Mugisha nyuma yake. “Mkia haukupinda.”

“Nyamaza, wewe.” Lakini aliurekebisha mkia. “Nipe simu.”

Aliandika, akabonyeza, duara likaanza kuzunguka bila kikomo. Pale uani mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mugisha aliichukua simu akakimbia nayo hadi njia panda, mkono mmoja umeinuliwa juu, mwingine umefumbata kahawa. Majirani waliokuwa wakitoka shambani walisimama kumshangaa. Saa kumi na moja na dakika arobaini na moja alama mbili zilitokea chini ya neno lile. Alizitazama kwa muda. Kisha akarudi akitembea, maana hapakuwa tena na cha kukimbilia.

“Umekwenda,” alisema.

Kokuberwa aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hakuyafuta. “Sijakusamehe,” alisema.

“Najua.”

“Jumanne uje na simu. Uje na chaji.”

“Nitakuja.”

“Na usinifundishe salamu.”

Mugisha alifungua kiganja chake. Punje tatu zilikuwa zimelowa jasho. Akageuka kwa Mzee Nestory, ambaye hakuwa ameondoka kitini.

“Baba, hizi nifanye nazo nini?”

Mzee aliziangalia kama mtu anayetazama ng'ombe wa mwenzake aliyeingia shambani mwake. Angeweza kuyamaliza pale pale, na Mugisha asingemlaumu.

“Kahawa ya nyumba hii ikishatoka kikapuni hairudi,” alisema hatimaye. “Lakini leo hutatafuna hapa.”

“Sasa...”

“Zianike,” alisema Kokuberwa, bila kugeuka, akiwa ameshika reki. “Ukizianika vizuri haziozi. Miaka mitatu kahawa inakaa.” Reki ikapita juu ya herufi nne, na jamvi likawa tena jamvi la kahawa. “Inayosumbua ni kama mwenye nayo atakaa.”

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia Mugisha alipozima pikipiki nyumbani. Ainembabazi alikuwa bado kizingitini, fimbo magotini, kana kwamba mchana kutwa hakuinuka.

“Baba zako wadogo wamepita. Wanauliza kesho waende wapi, kwa Nestory au kwa Rwezaura.”

“Waende kanisani, mama. Kisha warudi kwao wakapumzike.”

Mama yake alimsoma usoni. Alikuwa hajui herufi za Kijapani, lakini za mwanawe alizijua zote.

“Anakwenda,” alisema.

“Jumanne atazungumza nao. Akizungumza atafaulu. Akifaulu atakwenda.”

“Na mzee amekupa kahawa?”

“Amenipa.”

“Miezi saba!” Mama aliinua mikono juu, na kwa dakika hiyo moja alisahau Japani yote. “Ehe, umeitafuna?”

Mugisha alitia mkono mfukoni akazigusa. Zilikuwa zimeanza kukauka.

“Bado, mama.”